Kimepoteza nguvu

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba ya mama, Kilwa Masoko, nikiiangalia mvua ikija.

Siyo ikinyesha. Ikija.

Kule mbali baharini palikuwa na ukuta wa kijivu, na mahali bahari inapokutana na mbingu palikuwa pamefutika kabisa. Maji ya karibu yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Ukuta ule ulianza kwa kulimeza dau moja lililokuwa limetia nanga, ukaimeza mikoko, halafu ukaanza kula minazi ya jirani, mnazi mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayezima taa vyumbani. Nikasikia ikipiga bati la banda la kuku. Sekunde mbili baadaye ikapiga letu, na kuanzia hapo mimi na mama tukawa tunaongea kwa mikono.

Dakika ishirini, ikakata. Pakatokea mwanga wa ajabu, wa manjano, kuku wakatoka, mama akatoka nao kuangalia kama mfereji wa nyuma umeziba. Kisha ukuta mwingine ukaonekana kule kule ulikotokea wa kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa mchana kutwa. Mkanda wa mvua, utulivu, mkanda.

Mama alikuwa ameitega sufuria yake kubwa, ile ya shughuli, katikati ya uwanja, mbali na michirizi ya bati, akinga maji safi ya kufulia. Ilijaa kabla ya Magharibi. Akaimimina kwenye pipa, akairudisha. Nilipokwenda kulala ilikuwa imejaa tena. Niliipita nikiwa na tochi ya simu mkononi, nikaona maji yamefika ukingoni yanachezacheza, nikaenda zangu ndani.

Sikuwaza chochote. Hilo ndilo linalonisumbua tangu siku ile.

Sekunde kumi na moja

Usiku ule habari ilikuja kwamba Kimbunga Hidaya kimeingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia na kimepoteza nguvu. Redio ya jirani iliisema, simu zikaisema, magrupu yote yakaisema. Watu wakashukuru, nami nikashukuru. Tulikuwa tumekaa siku tatu na roho juu.

Nikachukua simu, nikamtumia mdogo wangu sauti. Yeye anaendesha Fuso, alikuwa Mbagala na mzigo wa vitunguu na viazi wa kuleta huku, na alikuwa ameahirisha safari tangu Ijumaa kwa sababu nilimkataza mimi.

Sauti hiyo bado ninayo. Ni ya sekunde kumi na moja. Nasema: "Kimeisha hicho, kimepoteza nguvu. Toka tu alfajiri, saa saba mchana tunakula wote." Kwa nyuma, ukisikiliza vizuri, unasikia kitu kama mtu anakaanga. Ni mvua juu ya bati.

Yaani nilikuwa nasema imekwisha huku yenyewe inanipigia kelele kichwani.

Alitoka Mbagala saa kumi alfajiri. Alivuka Daraja la Mkapa salama. Somanga hakupita. Maji yalikuwa yameikata barabara.

Wanaofuatilia habari za kusini wanajua yaliyofuata, sina haja ya kuyaeleza upya. Lindi na Mtwara zikawa upande mmoja, Dar upande mwingine, na katikati foleni ya mabasi na malori. Mdogo wangu na utingo wake walilala chini ya gari siku nne. Chupa ya maji ya mia tano ikawa ya elfu moja. Vitunguu vikifunikwa turubai vinapata joto, ukivifunua vinalowa. Alivifunika, akavifunua, akavifunika. Alipofika hapa nyumbani Alhamisi alishusha magunia kumi na manne yaliyokuwa yananuka hadi barabarani.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, wewe si ulisema kimeisha?" Akacheka, akaomba maji ya kuoga.

Jobo alinifundisha vibaya

Nikitafuta mahali nilipojifunzia ujinga huu, narudi Aprili 2021.

Wakati ule nilikuwa Dar. Kimbunga Jobo kilikuwa kinatoka kaskazini ya Madagaska kuja kwetu, na kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona ile ramani yenye mstari unaokuja moja kwa moja hadi mlangoni pako. Nilinunua mishumaa. Nilijaza ndoo zote. Nilimpigia mama simu nikamwambia asitoke, na yeye yuko Kilwa.

Tarehe 24 na 25 Aprili mabaki ya Jobo yakafika. Mtaani kwetu ilikuwa mvua ya Aprili tu. Mvua ambayo mwenye genge hata hafungi, anavuta tu turubai mbele kidogo.

Tulicheka sana. Nami niliandika status ya kejeli ambayo sitaki kuirudia hapa, ila ilipendwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwa akili zangu timamu.

Miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 2019, ndugu zetu wa Mtwara walihamishwa kwa ajili ya Kenneth, na Kenneth akapiga ng'ambo ya Ruvuma, kule Cabo Delgado. Kwa hiyo kichwani mwangu hesabu ilikuwa imejipanga: vinatangazwa, vinapungua au vinakwepa, tunacheka. Kikisemwa "kimepoteza nguvu", basi ni ruhusa ya kufungua madirisha.

Sikujiuliza: nguvu gani?

Namba ya upepo

Swali hilo nilikuja kuliuliza wiki ya pili, magunia yameshatupwa.

Jina la kimbunga linatolewa kwa upepo. Katika bahari yetu hii ya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, mgandamizo mdogo wa hewa unabaki na namba tu hadi upepo wake wa karibu na kitovu ufike kilomita 63 kwa saa. Hapo unapewa jina. Ukifika kilomita 118 unaitwa kimbunga kamili. Hidaya alivuka mstari huo tarehe 3 Mei akiwa bado baharini, na alipofika Mafia alikuwa ameshashuka. Kila hatua ya ngazi hiyo, kupanda na kushuka, ni upepo. Mvua haimo. Unaweza kuisoma ngazi yote kuanzia chini hadi juu usikutane na milimita hata moja.

Sasa upepo hula nini? Kitovu chenye joto juu ya bahari yenye joto, nyuzi 26 na nusu kwenda juu. Kikigusa nchi kavu, chakula kimekatwa. Msuguano wa ardhi, miti na vilima unakimaliza kwa saa chache. Hapo ndipo panaposemwa kimepoteza nguvu, na ni kweli tupu.

Lakini yale maji ambayo kimbunga kilikuwa kimeshayabeba kutoka baharini, mvuke wa siku nne na tano, hayarudi baharini kwa sababu jina limefutwa. Yako juu pale pale. Yatashuka. Na kama mfumo umechoka na unakwenda polepole, yatashuka mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kile chenye mbio kinakupiga kofi na kupita. Kilichochoka kinakaa.

Nikakumbuka ile sufuria.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya darasa la tano. Nikalipima bati la mama kwa hatua: nane kwa kumi. Mita 80 za mraba. Kwa hiyo kila milimita 100 zinazonyesha zinaangusha lita 8,000 juu ya bati lile pekee, yaani matangi manane ya lita elfu, yale meusi. Juu ya nyumba ndogo ya vyumba vitatu. Toka nje ya uwanja, hesabu kilomita moja ya mraba ya pori nyuma ya Somanga: milimita zile zile ni lita milioni 100, na zote zinatafuta kalvati.

Nilikaa kitandani na kikokotoo cha simu nikarudia mara tatu, nikidhani nimeongeza sifuri.

Ardhi ilikuwa imeshashiba

Kuna jambo lingine nililoliacha nyuma, na hili halinihitaji hata kusoma popote. Nililijua.

Masika ya mwaka huu hayakuwa masika ya kawaida. El Niño ilikuwa imetunyeshea tangu vuli. Aprili nzima Rufiji ilikuwa chini ya maji. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko. Hapo Hidaya hajazaliwa, hana hata namba.

Mdogo wangu mwenyewe alinisimulia kwamba alipopita Ikwiriri alfajiri ile, taa za gari zilikuwa zinamulika maji kwenye mashamba ya pande zote mbili. Maji ya Aprili, si ya Hidaya. Udongo ulikuwa kama sponji uliyoiacha ndani ya beseni usiku kucha. Ukiongezea kikombe, kikombe chote kinamwagika.

Ningekuwa na akili ningemwambia: sahau kimbunga, angalia ardhi. Lakini kimbunga kina jina, na ardhi iliyoshiba haina. Na jina lenyewe lilivyo zuri. Hidaya, tunu. Mama alisema kama ni zawadi basi arudishiwe mwenyewe.

Mwiko

Kuna usiku nilikaa nikijiuliza kwa nini sisi. Kimbunga kimeingia Mafia. Kutoka Mafia hadi hapa ni zaidi ya kilomita 100. Kwa nini wa Dar, ambao hawako mbali sana zaidi yetu kwa upande wao, hawakuyaona tuliyoyaona?

Jibu nililipata jikoni, na naomba wataalamu mnisamehe.

Upande huu wa ikweta vimbunga vinazunguka kwa kufuata mkono wa saa. Chukua sufuria ya uji, koroga hivyo hivyo. Sasa jifanye katikati ya sufuria ni Mafia, mkono wako wa kushoto ni nchi kavu, wa kulia ni bahari, juu ni Dar, chini ni Kilwa. Angalia uji. Sehemu ya juu ya sufuria unakwenda kulia, yaani unatoka nchi kavu kwenda baharini. Sehemu ya chini unakwenda kushoto: unatoka baharini kuja nchi kavu.

Unakuja kwetu.

Kila ukuta wa kijivu niliousimamia kibarazani ulikuwa unasukumwa na mwiko ule. Kitovu kiko Mafia, lakini upande wa kusini ndio uliokuwa unafunguliwa mlango wa bahari. Nukta kwenye ramani ilinidanganya kwa sababu niliitazama kama nukta, kama vile kimbunga ni jiwe linalomwangukia mtu mmoja. Tena vilivyo dhaifu ndivyo vibaya zaidi kwa hilo. Kikali kinakuwa kimejikunja duara safi, na jicho lake katikati. Dhaifu kinakuwa kimesukumwa na pepo za juu, mawingu yote yamelalia upande mmoja, na kitovu unachoonyeshwa kwenye ramani kinaweza kuwa mahali pakavu.

Na vinavyokuja pembezoni mwa msimu huwa vya namna hiyo mara nyingi. Msimu wetu kwa kawaida unahesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Pembezoni, iwe mwanzo au mwisho, bahari haina joto lote na pepo za juu hazitulii. Vinazaliwa vikiwa vimechechemea, au vinakuja vizuri kisha vinachechemea njiani.

Kuchechemea kwake ndiko tunakokuona kama habari njema.

Wa Texas

Sikuwa wa kwanza kudanganyika hivi, na nakiri kwamba kulijua hilo kulinipa faraja ya kijinga.

Juni 2001, siku chache tu baada ya msimu wa vimbunga wa Atlantiki kufunguliwa, dhoruba iliyoitwa Allison iliingia pwani ya Texas, Marekani. Dhaifu. Upepo wake haukuwahi kufika hata kilomita 100 kwa saa, na ngazi yao ya kimbunga kamili hakuigusa maishani mwake. Aliingia nchi kavu tarehe 5, akapanda kaskazini, ikaonekana amekwisha. Kisha akageuka akarudi kusini, na usiku wa kuamkia tarehe 9 akaimwagia Houston maji. Kwenye bandari ya mji ule zilipimwa zaidi ya milimita 900 kwa siku chache. Hospitali zilijaa maji vyumba vya chini. Kote alikopita aliua moja kwa moja watu 41. Jina lake likastaafishwa, lisitumike tena, heshima ambayo kabla yake walikuwa wanapewa vimbunga kamili tu.

Nilipolisoma hilo nilirudi nyuma mara mbili kwenye sentensi moja: aliingia tarehe 5, mvua kubwa ikaja usiku wa tarehe 8. Siku tatu nzima baadaye! Najaribu kumwona dada mmoja wa Houston, tarehe 6 jioni, anarekodi sauti ya sekunde kumi na moja.

Maji mafu

Kuna mzee mmoja hapa Masoko, nahodha mstaafu, ambaye hukaa chini ya mkungu karibu na diko. Nilimwendea mwishoni mwa Mei. Nilitaka, nadhani, mtu mzima aniambie kwamba nisingeweza kujua.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae kwenye gogo. Nikamweleza yote: kimbunga, redio, sauti, vitunguu. Akasikiliza huku anafumua wavu.

"Ile Jumamosi," akaniuliza, "maji yalikuwaje?"

Nikamwambia mengi, yalijaza sufuria mara mbili.

"Siyo ya mvua, mwanangu. Ya bahari."

Sikujua. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

Yalikuwa maji mafu, akasema. Mwezi ulikuwa kwenye robo ya mwisho siku tatu nyuma, bahari haikuwa na kupwa wala kujaa kwa maana. Ndiyo maana wao walivuta vyombo juu hatua chache tu na ikatosha. "Kingekuja wiki ile iliyofuata, siku za bamvua, ungenikuta nimekaa hapa?" Akaonyesha kwa kidole cha mguu mahali bahari ingefika. Ilikuwa nyuma ya gogo nililokalia.

Nilikwenda nyumbani nikafungua kalenda ya mwezi. Robo ya mwisho, tarehe 1 Mei. Mwezi mwandamo, tarehe 8. Sawasawa na alivyosema. Nikaangalia na ya Jobo: mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27 Aprili 2021. Yaani Jobo, yule tuliyemcheka, alikuwa anakuja huku bahari inapanda kuelekea bamvua. Angekuja na upepo wake wote angeikuta imemwekea ngazi.

Nilikuwa na habari zote za kimbunga kile mfukoni isipokuwa hizo mbili, mwezi na ardhi. Na hizo hazihitaji setilaiti. Mama anazijua. Nilimuuliza jioni ile, "Mama, ulijua yalikuwa maji mafu?" Akasema, "Si ndiyo maana sikuhamisha mbuzi." Kama vile nimemuuliza kama leo ni Jumatano.

Mashaka

Lakini sitaki kujichapa bakora kwa ajili ya kupendeza tu.

Mdogo wangu ni mtu mzima. Vitunguu vilikuwa vimeshakaa siku mbili, mwenye mzigo alikuwa anampigia kila saa. Inawezekana angetoka tu hata ningekaa kimya. Mwenyewe anasema angetoka. Nimemuuliza mara tatu, na mara ya tatu alikasirika kidogo, akaniambia niache, vitunguu ni vitunguu.

Wala sidhani kwamba waliotangaza walikosea. Ile sentensi ilikuwa sahihi. Kimbunga kilikuwa kimepoteza nguvu. Nilichofanya mimi ni kuichukua sentensi ya upepo nikaitafsiri kuwa sentensi ya barabara, nikaituma kwa sauti ya dada mkubwa, ambayo kwetu haipingwi. Nani angemkagua dada?

Kinachonitatiza ni kwamba nilikuwa na ushahidi wa kinyume uwanjani. Ulikuwa umejaa hadi ukingoni, unachezacheza, umemulikwa na tochi yangu mwenyewe. Nikauamini mdomo wa redio kuliko sufuria.

Na hapa ndipo ninapokwama hadi leo, wiki ya saba. Je, nisiiamini redio? Hapana, siwezi kusema hivyo. Kabla ya ramani na matangazo haya pwani hii iliwahi kupigwa. Kimbunga cha Unguja cha tarehe 15 Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mpaka uchumi wa karafuu ukahamia Pemba. Cha Lindi kilikuja tarehe 15 Aprili 1952, na nimewasikia wazee wakikitaja kwa sauti ya chini. Watu wale wangelipa chochote kupata ile ramani yangu yenye mstari. Nikiwaambia watu wasisikilize, nitakuwa nimefanya kosa kubwa kuliko lile la vitunguu.

Labda nilikuwa nimeichoka hofu, basi. Siku tatu za hofu ni nyingi. Ukipewa neno la kuitua, unaitua haraka, na huulizi kama neno lenyewe lilikuwa linahusu mzigo wote au kamba tu.

Juni

Kusi imeshakaa sasa. Asubuhi kuna baridi ile ya kutafuta kitenge cha kujifunika mabegani, na bahari imebadilika rangi.

Jumanne iliyopita mchoo ulinyesha. Niliuona ukija, kutoka kule kule, ila safari hii ni pazia jembamba tu, unaona minazi nyuma yake. Nilikimbia jikoni nikaichukua sufuria kubwa nikaiweka uwanjani, mbali na michirizi, pale pale. Mama alinitazama hakusema kitu. Mvua ilinyesha kama nusu saa, ikakata. Nikaenda na rula ya mtoto wa jirani, ile ya plastiki yenye mchoro wa kipepeo, nikaichovya wima hadi chini.

Milimita nne, au tano ukihesabu kwamba rula haianzii sifuri ukingoni. Hilo nalo nimelijua sasa, zinaanza ndani kidogo.

Nikamtumia mdogo wangu. Siyo sauti, niliandika: milimita 5 hivi, kusi, maji yanajaa, mfereji wa nyuma haujaziba. Akajibu baada ya saa moja, yuko Kibiti anapakia matikiti. "Dada, kwa hiyo nije au nisije?"

Nilikuwa bado nalifikiria jibu la kumpa, mama alipoita kutoka ndani, akiuliza kama nimemaliza na sufuria yake, maharage yanamngoja.